Vuli Isiyoshika Tarehe: Maneno kwa Wenye Bustani za Mboga wa Soweto Mashariki

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya mvua za vuli zilizobadilika, na juu ya bustani ndogo za mboga katika Soweto Mashariki, mtaa wa Kibera, na katika Kawangware, mjini Nairobi.)



Tangu zamani wakulima wa Nairobi na wa vilima vinavyouzunguka mji huo wameugawa mwaka katika sehemu nne. Baada ya Krismasi ni kiangazi, wakati wa jua kali na vumbi. Katika mwezi wa Machi huanza masika, ambayo wenyeji wengi huiita mvua ndefu, nayo hunyesha mpaka Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu, ambapo manyunyu huonekana asubuhi lakini maji ya kutosha hayaonekani. Septemba jua hurudi, udongo hukauka na kupasuka, na kila mtu hutazama mbinguni akiingojea vuli, yaani mvua fupi, ambayo kwa desturi huanza katikati ya Oktoba, hufika kilele chake Novemba, na kwisha kabla ya mwisho wa Desemba.

Kwa mazoea hayo mwenye bustani aliweza kupanga kazi yake kwa tarehe. Alitia mbegu kitaluni katika Septemba, akapandikiza miche mvua ilipofika, na kabla ya sikukuu ya Krismasi alikuwa akichuma. Walakini katika miaka hii mazoea hayo yamewadanganya wengi. Vuli imekuja mapema, imekuja kwa kuchelewa, imekuja kwa nguvu za kubomoa nyumba, na mara nyingine haikuja kabisa. Basi jambo kubwa la kufahamu ni hili: tarehe peke yake haitoshi tena. Mwenye bustani anayetaka kula mboga zake yampasa kuusoma udongo wake mwenyewe, na kuzigawa mbegu zake asizitumie zote kwa siku moja.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo dogo. Kwa mtu mwenye ekari kumi, hasara ya pakiti moja ya mbegu ni jambo dogo kweli. Lakini kwa mama wa Soweto Mashariki mwenye magunia matatu ya udongo mlangoni pake, mboga hizo ni kitoweo cha jioni cha watoto wake. Jina lenyewe la sukuma wiki laonyesha kazi yake, maana ndiyo mboga inayoisukuma wiki mpaka siku ya mshahara. Magunia yakikauka, yampasa kununua mboga kwa fedha ambazo zingelipia maji, kodi au daftari za shule, naye hununua wakati ule ule bei inapopanda, kwa sababu jua lililokausha magunia yake limekausha pia mashamba ya Kiambu na Limuru.

MIAKA ILIYOTOFAUTIANA

Wazee wanakumbuka vuli ya mwaka wa 1961, ambayo ilizidi kadiri katika Afrika ya Mashariki yote. Maji ya Ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata, na vijiji vingi vya pwani ya ziwa vikahama. Katika mwaka wa 1997 vuli ilinyesha kwa nguvu nyingine ya namna hiyo, ikaendelea mpaka mwanzo wa 1998, na barabara na madaraja mengi ya Kenya yakachukuliwa na maji. Tangu wakati huo neno El Niño limekuwa neno la sokoni, linalojulikana hata na watoto.

Walakini mambo ya miaka ya karibuni ni ya kustaajabisha zaidi kwa jinsi yanavyofuatana upesi. Vuli ya 2016 ilikuwa haba, na katika mwezi wa Februari 2017 Serikali ya Kenya ikatangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Vuli ya 2019 ilinyesha kuanzia Oktoba, ikapita Desemba na kuingia Januari 2020 bila kupumzika. Mara tu baada ya hapo vuli ya 2020 ilipungua, na ya 2021, na ya 2022, na masika yaliyokuwa kati yao yakapungua vilevile, hata zikawa nyakati tano za mvua mfululizo zisizotimia katika sehemu kubwa za Kenya. Kisha, katika vuli ya 2023, mvua kubwa ilirudi pamoja na mafuriko, nayo masika ya 2024 yakaleta mafuriko makubwa zaidi ambayo yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi, na mito ya Nairobi ikaingia majumbani.

Ni dhahiri kwamba mtu aliyepanda kwa tarehe moja katika miaka hiyo yote alipata hasara mara nyingi kuliko faida.

SABABU ZAKE

Wataalamu wa hali ya hewa wameeleza sababu za mambo haya, nazo si vigumu kuzifahamu. Mwishoni mwa Septemba jua hupita juu ya ikweta likielekea kusini, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata. Ukanda huo hupita juu ya Nairobi, mji ulio karibu sana na ikweta. Lakini mawingu hayo yatakuwa na maji mengi au machache kwa kadiri ya joto la bahari.

Bahari Hindi ina pande mbili, upande wa Afrika ya Mashariki na upande wa Indonesia. Mwaka ambao maji ya upande wa Afrika yana joto kuliko kawaida, na yale ya Indonesia yamepoa, mvuke mwingi hupanda karibu na pwani ya Afrika na vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 1961, 1997, 2019 na 2023. Mwaka ambao mambo hugeuka, joto likawa upande wa Indonesia, mvua huhamia huko na Kenya hubaki na jua. Ndivyo ilivyokuwa katika mwaka wa 2016 na tena katika 2022. Bahari kuu ya Pasifiki nayo huongeza nguvu zake: ikipata joto huitwa El Niño, na mara nyingi vuli huzidi, ikipoa huitwa La Niña, na mara nyingi vuli hupungua. Zaidi ya hayo, dunia nzima imeongezeka joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, hata mvua ikinyesha huanguka kwa nguvu kwa muda mfupi.

Kwa sababu bahari hupata joto au baridi polepole, wataalamu huweza kukisia vuli kabla haijaanza. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza matarajio ya mvua za Oktoba hadi Desemba, na wataalamu wa nchi za kanda hukutana kwa ajili hiyo kwa uongozi wa kituo cha ICPAC. Matangazo hayo husomwa redioni. Yafaa kila mwenye bustani ayasikilize, lakini afahamu kwamba matarajio si ahadi. Yakisema kwamba mvua yaelekea kuzidi, maana yake si kwamba mvua itanyesha Soweto Mashariki siku ya Jumanne. Yaonyesha upande ambao mizani imeinama, na kazi inayobaki ni ya mwenye bustani mwenyewe.

BUSTANI NDANI YA GUNIA

Jina la Kibera limetoka katika neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Serikali ya Kiingereza iliwaweka hapo askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, katika eneo la ekari zaidi ya 4,000, nao wakalima mahindi na mboga. Mji ulipokua, mashamba yakawa nyumba, na nyumba zikasongamana. Katika mwaka wa 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Ardhi ya kulima chini haipo tena, isipokuwa vipande vidogo kando ya reli na kando ya Mto Ngong.

Palipokosekana ardhi ya kulala, bustani ilisimama. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketezwa, reli ya Kibera iling'olewa, na chakula kikawa adimu mitaani. Katika mwaka wa 2008 shirika moja la Kifaransa, jina lake Solidarités, lilianza kuwafundisha wenyeji wa Kibera kupanda mboga katika magunia na kuwagawia miche. Maelfu ya nyumba yakaifuata kazi hiyo. Katika mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kuukubali na kuuongoza ukulima wa mjini, na katika mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya korona, Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Huko Kawangware, ambako viwanja vingine vina nafasi kidogo zaidi, watu wamekuwa wakipanda mboga nyuma ya nyumba na kandokando ya njia kwa miaka mingi.

Gunia hutengenezwa hivi. Udongo mzuri huchanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Katikati ya gunia huwekwa mkebe usio na kitako wala kifuniko, nao hujazwa mawe madogo. Udongo hutiwa kuuzunguka mkebe. Kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa mawe tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe isimame ndani yake toka chini hadi juu. Maji yakimwagwa juu ya mawe hufika kila upande. Matundu madogo hutobolewa ubavuni, na kila tundu hupandwa mche mmoja wa sukuma wiki au spinachi. Juu hupandwa vitunguu au dhania. Kwa njia hii nafasi ya kiti kimoja hutoa mboga za miche zaidi ya 30.

Gunia lina sifa moja ambayo shamba halina, nayo ni kwamba laweza kuinuliwa na watu wawili likahamishwa, hasa likiwa bado dogo. Lakini lina udhaifu wake pia. Udongo wake ni kidogo, na jua hulipiga pande zote, kwa hiyo hukauka upesi kuliko ardhi. Na mvua ikizidi, maji hupita ndani yake na kuichukua nguvu ya samadi. Basi gunia huhisi hitilafu ya vuli kabla ya shamba lolote.

MVUA YA UONGO

Hasara kubwa ya mwanzo wa vuli hutokana na mvua ya uongo. Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba mawingu hukusanyika, ngurumo husikika upande wa Ngong, na mvua hunyesha jioni moja au mbili. Harufu ya udongo hupendeza, na kila mtu hutoa mbegu zake. Kisha jua hurudi kwa wiki mbili au tatu. Mbegu zilizokwisha kuota hufa, na miche iliyopandikizwa hukauka kabla mizizi yake haijashika. Mvua ya kweli inapokuja, mwenye bustani hana mbegu tena wala fedha za kununua nyingine.

Wataalamu wa kilimo hawaihesabu mvua kuwa imeanza mpaka ziwe zimenyesha kama milimita 20 katika siku tatu au chini yake, na baada ya hapo usipite muda mrefu wa ukavu. Mtu asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia kijiti. Akichome ndani ya udongo wa ardhi ya wazi, akitoe, atazame. Unyevu ukiwa umeshuka urefu wa kidole tu, hiyo ni mvua ya kutuliza vumbi, wala si ya kupandia. Ukiwa umeshuka urefu wa kiganja kizima na zaidi, hapo aweza kuanza.

Hata hivyo asianze kwa mbegu zote. Njia iliyo salama ni kuzigawa mbegu mafungu matatu. Fungu la kwanza litiwe kitaluni katika Septemba, ndani ya karai au sanduku lililo kivulini, ambako maji ya kikombe yatosha kuitunza miche mingi. Fungu la pili litiwe wiki mbili au tatu baadaye. Fungu la tatu liwekwe mahali pakavu mpaka vuli ijulikane tabia yake. Vuli ikija mapema, fungu la kwanza huwa tayari. Ikichelewa, la pili hulipokea. Ikileta gharika, la tatu hubaki kuwa akiba ya kuanzia upya maji yakipungua. Aliyegawa hivyo aweza kupoteza theluthi ya mbegu zake, lakini hapotezi zote. Haba na haba hujaza kibaba, na katika mwaka wa mashaka haba iliyobaki ndiyo chakula.

Vilevile mboga zenyewe zigawanywe. Sukuma wiki hukaa kitaluni mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupandikizwa, lakini baadaye huchumwa kwa miezi mingi. Kunde na mchicha, ambao wengi huuita terere, huweza kuchumwa majani baada ya wiki tatu au nne tu, na kunde huvumilia ukavu. Managu, yaani mnavu, hupenda unyevu. Sageti, ambayo Waswahili huiita mgagani, hustahimili joto lakini huchukia kusimama katika maji. Mwenye magunia matatu asipande mboga moja katika yote matatu, maana mwaka unaoiua moja waweza kuistawisha nyingine.

JUA LINAPOKAWIA KUONDOKA

Vuli inapochelewa, taabu ya kwanza ni maji. Katika Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei ya mtungi hupanda mara kadhaa. Gunia moja lahitaji kama lita 5 kwa siku wakati wa jua, na mtu hawezi kunywesha sukuma wiki maji ambayo watoto wanayangoja. Kwa hiyo maji yaokolewe. Yatiwe asubuhi mapema au jioni, yasitiwe mchana. Uso wa udongo ufunikwe kwa majani makavu. Gunia liwekewe kivuli cha adhuhuri kwa kipande cha neti au gunia kuukuu. Maji yaliyooshea mboga na mchele yafaa sana kunyweshea. Yale ya sabuni nyingi hayafai, na maji ya mtaro hayafai hata kidogo, kama itakavyoelezwa mbele.

Taabu ya pili ni wadudu. Katika ukavu vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu, hujikusanya chini ya majani ya sukuma wiki na kuyafanya yajikunje, na viwavi huyatoboa majani mpaka yakawa kama chujio. Bustani ndogo ina faida hapa, maana yaweza kukaguliwa yote kwa dakika chache. Jani lililojaa vidukari likatwe na kuondolewa mbali, wengine waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, na viwavi waokotwe kwa mkono kila asubuhi. Kunyunyiza dawa kali ya wadudu mlangoni pa nyumba, mahali watoto wanapocheza, na kisha kuchuma mboga siku ya pili, ni hatari kubwa kuliko viwavi wenyewe.

Na siku mvua inapofika, isiachwe ipotee. Chumba cha kawaida katika Kibera kina futi 12 kwa 12. Mvua ya milimita 25, yaani inchi moja, ikianguka juu ya bati la chumba hicho, hutoa lita 340 hivi, ambazo ni mitungi 17. Hata sehemu yake ikimwagika, mitungi 12 ya maji imepatikana bila malipo. Maji ya mwanzo yenye vumbi na kutu yaachwe yapite, kisha yanayofuata yakingwe katika pipa lenye kifuniko, ili mbu wasizaliane humo.

MAJI YANAPOZIDI

Katika vuli ya gharika mambo hugeuka. Miche michanga huanguka kana kwamba imekatwa shingoni, kwa sababu ya ukungu unaozaliwa katika udongo uliolowa mno. Majani ya sukuma wiki hugeuka manjano: yakianzia chini ya mche na kuwa manjano yote, nguvu ya udongo imechukuliwa na maji, na dawa yake ni samadi, lakini manjano yakianzia ukingoni mwa jani kwa umbo la herufi V, na mishipa yake ikawa myeusi, huo ni ugonjwa wa kuoza, na mche huo sharti ung'olewe mara moja usiambukize mingine. Asichume mtu mboga zikiwa na maji, maana mkono wake huuchukua ugonjwa toka jani hata jani.

Gunia liinuliwe juu ya mawe au matofali mawili matatu, ili maji yapate kutoka chini yake. Mtaro ulio mbele ya nyumba uzibuliwe katika Septemba, kabla ya mvua, wala si siku ya mafuriko. Kazi hii si ya mtu mmoja. Mwenye kuzibua mtaro wake na jirani yake asizibue, maji yatarudi kwake. Maji ya Kibera huteremka kuelekea Mto Ngong, na mto huo huingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Bwawa hilo limejaa matope na magugu, na Soweto Mashariki iko upande huo wa bonde ambako maji ya wengine hufika.

Bustani zilizo kando ya mto zina udongo mweusi wenye rutuba, na ni vigumu kumwambia mtu aziache. Lakini katika Aprili 2024 maji yalipanda usiku, na Serikali ikaamuru watu waliokaa karibu na mito ya Nairobi wahame. Mtu asirudi mtoni kuokoa gunia. Gunia laweza kujazwa tena kwa siku moja.

MBOGA ILIYOGUSWA NA MAJI MACHAFU

Lipo jambo moja ambalo ni gumu zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Mafuriko ya mtaani si maji ya mvua tu. Hupita katika vyoo na majalala, na uchafu wake huingia ndani ya mikunjo ya majani, mahali ambapo kuosha hakufiki sawasawa. Maradhi ya kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo husafiri kwa njia hiyo. Nao ukame hauna usalama, maana maji safi yakiadimika watu hutumia yasiyo safi. Kipindupindu kilichozuka Kenya katika Oktoba 2022 kilizuka wakati wa ukame mkubwa.

Basi mboga za majani zilizofunikwa na maji ya mafuriko ziondolewe, zisiliwe wala zisiuzwe. Neno hili ni zito kwa mtu ambaye hana kitu kingine cha kupika wala cha kuuza siku ile, na hakuna anayeweza kulisema kwa wepesi. Lakini mwenye kuzipeleka sokoni amwuzia jirani yake ugonjwa kwa bei ya mboga, na mtoto wa kwanza kuugua huenda akawa wake mwenyewe. Mimea ikatwe karibu na shina, iachwe ichipue upya katika mvua safi, na majani mapya ndiyo yachumwe, yaoshwe kwa maji safi na kupikwa mpaka yaive. Fungu la tatu la mbegu lililobaki pakavu hupata kazi yake wakati huo.

Kadhalika udongo wa kujazia gunia usichukuliwe jalalani, au mahali palipotupwa betri na mafuta ya magari, hata ukiwa mweusi na wa kupendeza. Udongo wa mahali hapo waweza kuwa na risasi, sumu ambayo haionekani wala haina harufu, nayo hudhuru akili za watoto. Udongo huo huo ukikauka hurukia majani kwa vumbi. Kwa hiyo hata mboga za gunia safi zioshwe vizuri.

KAZI YA KUANZA NAYO

Wapo wasemao kwamba kupanda mboga katika miaka ya namna hii ni kupoteza nguvu, kwa kuwa hakuna ajuaye mvua itafanya nini. Ukweli ni kwamba mkulima hakuwahi kuijua mvua hata zamani. Alikuwa na mazoea tu, na mazoea hayo sasa yamepungua thamani. Gunia halitalisha jamaa nzima, wala halitaondoa umaskini wa mtaa. Hata waliohamia katika nyumba 822 za ghorofa zilizokabidhiwa Soweto Mashariki mwaka wa 2016 bado hununua unga na mafuta. Lakini majani ya sukuma wiki yaliyochumwa mlangoni ni fedha zisizotoka mfukoni, nayo yaweza kuwepo karibu mwaka mzima kama mwenyewe hakuweka matumaini yake yote katika siku moja ya Oktoba.

Kwa hiyo Septemba ifikapo, kila mwenye bustani na afanye mambo manne. Asikilize matangazo ya hali ya hewa. Azibue mtaro pamoja na majirani zake na kuliinua gunia lake juu ya mawe. Aweke pipa lake chini ya bati. Na azigawe mbegu zake mafungu matatu, akilifunga lile la tatu vizuri katika karatasi na kuliweka juu, mahali ambapo wala maji wala panya hawafiki.